Fundi Konde: Mwana wa Giriama aliyelipa gitaa la umeme sauti ya Kiswahili

ABIRIA anayetoka Kaloleni kwenda Mombasa huteremka hadi Mazeras, akaishika barabara kuu itokayo Nairobi, akapita Miritini na Changamwe, kisha akavuka Makupa na kuingia kisiwani. Atokaye Malindi na Kilifi huvuka Mtwapa, akaipita Kisauni na kuingia kwa Daraja la Nyali. Naye wa Kwale na Msambweni, tangu enzi na enzi, amezoea kusubiri feri pale Likoni.

Ni kwa milango hii mitatu ya bara ambapo vizazi vya Wamijikenda viliingia Mombasa kutafuta kazi bandarini, katika reli na katika nyumba za matajiri. Waliingia na lugha zao, na ngoma zao, na masikio yaliyokwisha kuzoea mlio wa kayamba. Aghalabu historia ya muziki wa Mombasa husimuliwa kana kwamba mambo yote yalizaliwa Mji wa Kale. Ukweli ni kwamba mengi yalitoka upande wa pili wa maji, na mfano ulio bora zaidi ni maisha ya marehemu Fundi Konde.

Konde alizaliwa Agosti 24, 1924, huko Mwabayanyundo katika nchi ya Wagiriama, sehemu ambayo leo iko katika Kaunti ya Kilifi. Aliaga dunia Juni 29, 2000, miezi miwili kabla ya kutimiza umri wa miaka 76. Wengi wanaofuatilia historia ya muziki wa Kenya humtaja kuwa Mkenya wa kwanza kusikika kwenye santuri akipiga gitaa la umeme. Tausi, Mama Sowera, Jambo Sigara, Kipenzi Waniua na Majengo Siendi Tena ni baadhi tu ya nyimbo zake zilizovuma.

Lakini umaarufu wa wimbo ni jambo moja, na heshima ya mtunzi wake ni jambo jingine. Mtu aliyefungua njia ambayo magitaa ya Kenya yaliifuata baadaye aliishi karibu miaka thelathini katika kimya, huku vijana wakiucheza muziki ambao yeye ndiye aliyeuwekea msingi. Maisha yake yanauliza swali ambalo wanamuziki wa Pwani hawajapata jibu lake kamili hadi leo: je, mwanzilishi hupata nini?

Sauti za bara na sauti za mjini

Mtoto aliyezaliwa Giriama katika miaka ya 1920 hakukosa muziki. Ngoma zilipigwa katika harusi, katika matanga, katika tiba na katika starehe za vijana baada ya mavuno. Kayamba, ile ala bapa ya matete yenye mbegu ndani, ilishika mwendo wa mchezo, na filimbi iitwayo chivoti ikatia nakshi juu yake. Katika muziki huu mdundo hauna haraka, na sauti za waimbaji hupishana bila kugombana. Aliyelelewa ndani yake hujifunza mapema kuwa ufundi si wingi wa kelele.

Konde alipelekwa katika shule ya misheni ya Kikatoliki. Shule za namna hiyo ziliwafundisha watoto kusoma na kuandika, na nyingi kati yake ziliwafundisha pia kuimba kwa sauti zilizopangwa na kupuliza ala za bendi. Huko ndiko kijana huyo alikopata misingi ya muziki wa Kizungu. Alianza na klarineti, ala ya kupuliza ambayo humlazimisha mpigaji kuifikiria nyimbo kama pumzi: mahali pa kuanza, mahali pa kutua, mahali pa kunyamaza. Baadaye alipolishika gitaa, tabia hiyo haikumtoka.

Mji wenyewe wa Mombasa ulikuwa na shule yake isiyokuwa na paa. Tangu miaka ya mwanzo ya ukoloni palikuwapo na beni, ngoma ya mashindano iliyoiga bendi za kijeshi, na vyama hasimu vya Kingi na Scotchi viliwagawa watu wa mji katika kambi mbili. Palikuwapo na taarabu, ambayo ilipata nguvu mpya baada ya Siti binti Saad wa Unguja kurekodi santuri zake za kwanza za HMV huko Bombay mwaka 1928. Kuanzia mwaka 1933 zikaanza kutolewa santuri za mfululizo wa GV, zilizobeba muziki wa Kuba na kusambazwa na kampuni hiyo hiyo ya HMV katika bara la Afrika. Zilipofika huku, rumba ilipata wapenzi papo hapo, kwa kuwa masikio ya Waafrika yaliutambua mdundo wake kama mtu amtambuavyo ndugu aliyepotea siku nyingi.

Hivyo basi, kijana wa Kigiriama aliyekuwa na kipaji hakuwa na haja ya kuchagua mkondo mmoja. Alikuwa na kayamba nyumbani, klarineti shuleni, taarabu na beni mjini, na rumba kwenye gramafoni za mikahawa. Alichohitaji ni ala itakayoweza kuyakutanisha hayo yote.

Vita na santuri

Vita vya Pili vya Dunia viliwaondoa makwao maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki. Wanajeshi wa King's African Rifles walipelekwa Uhabeshi, kisha Ceylon, India na hatimaye Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana katika bonde la Kabaw mwaka 1944. Konde alikuwa miongoni mwa waliopelekwa Mashariki ya mbali, na kazi yake ilikuwa kuwatumbuiza wanajeshi.

Ni vigumu kukadiria jinsi vita hivyo vilivyoubadilisha muziki wa eneo hili. Katika kambi za kijeshi walikutana Waganda, Watanganyika, Wakenya na Wanyasa, na lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili. Mwimbaji aliyetaka kueleweka na wote hakuwa na budi kuimba kwa lugha hiyo. Aidha, vitengo vya burudani vilikuwa na ala ambazo Mwafrika wa kawaida asingeweza kuzinunua: akodiani, tarumbeta, saksafoni, magitaa. Vita vilipokwisha, waliozitumia ala hizo walirudi nyumbani wakiwa wanamuziki kamili.

Mombasa waliyoirudia haikuwa ile waliyoiacha. Bei za vitu zilikuwa zimepanda, mishahara ikabaki nyuma. Januari 1947 wafanyakazi wa bandari, reli na sehemu nyinginezo waligoma kwa siku kadhaa, mji ukasimama kimya. Miongoni mwa wagomaji walikuwa watu waliolala upande wa bara na kuvuka kila alfajiri kwenda kazini. Kizazi hicho kilikuwa na madai, kilikuwa na mshahara japo mdogo, na kilitaka starehe inayolingana na maisha yake mapya. Ngoma ya kijijini ilikuwa mbali. Dansi la Wazungu halikuwa lao. Palikuwa na pengo, na muziki wa dansi ndio ulioliziba.

Ni katika mwaka huo huo wa 1947 ndipo zinapoanza rekodi za Fundi Konde. Alirekodi chini ya lebo ya HMV, akifanya kazi na Peter Colmore, Mwingereza aliyekuwa na shughuli za burudani na matangazo jijini Nairobi na ambaye baadaye alijulikana kwa kampuni yake ya High Fidelity Productions. Bendi ambayo Konde alipiga nayo chini ya Colmore ilijulikana kwa jina fupi la African Band.

Kurekodi zama hizo hakukuwa mchezo. Santuri ya mizunguko 78 kwa dakika ilibeba takriban dakika tatu kila upande. Kabla ya utepe wa sumaku kuenea, wanamuziki waliimba na kupiga kwa pamoja mara moja, na aliyekosea aliwarudisha wenzake wote mwanzo. Hapakuwa na kurekebisha. Mtunzi alipaswa kusema yote aliyo nayo katika dakika hizo tatu, na bendi ipige kama mtu mmoja. Ndiyo maana nyimbo za Konde zimebanwa vizuri: utangulizi mfupi wa gitaa, beti, kiitikio, nafasi ndogo ya ala, kisha kurejea katika kiitikio na kukoma.

Umeme waingia nyuzini

Ili kuelewa uzito wa alichokifanya Konde, ni muhimu kukumbuka udhaifu wa gitaa kavu. Sauti yake hutoka katika tundu la mbao, nayo ni ndogo. Katika bendi yenye tarumbeta, saksafoni na ngoma, mpiga gitaa kavu huchapa mdundo tu. Akijaribu kupiga nyuzi moja moja, hakuna amsikiaye. Kwa miaka mingi, katika nchi zote, mpiga gitaa alikuwa mtumishi wa bendi.

Gitaa la umeme liligeuza mambo hayo. Chini ya nyuzi za chuma huwekwa sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba. Uzi unapotetemeka, huamsha mkondo mdogo wa umeme katika waya huo, na mkondo huo hukuzwa na amplifaya hadi kufikia spika. Mpigaji hahitaji tena kutumia nguvu. Anaweza kugusa uzi mmoja kwa ncha ya kidole na sauti ikaujaza ukumbi, ikakaa hewani kama sauti ya mwimbaji.

Huko Marekani, mtu aliyeuonyesha ulimwengu maana ya jambo hili alikuwa Charlie Christian, kijana mweusi aliyezaliwa Texas mwaka 1916 na kulelewa Oklahoma City. Kampuni ya Gibson ilikuwa imetoa gitaa lake la umeme la ES-150 mwaka 1936. Mwaka 1939 Christian alijiunga na bendi ya Benny Goodman, mmoja wa vigogo wa jazi wa wakati huo, na katika muda usiozidi miaka mitatu alilitoa gitaa katika safu ya nyuma na kulisimamisha mbele pamoja na saksafoni na tarumbeta. Alifariki kwa kifua kikuu Machi 1942, akiwa na umri wa miaka 25. Wapiga gitaa wa jazi waliomfuata wote wana deni kwake.

Wakati Christian anafariki, Konde alikuwa kijana wa miaka 17 huko Pwani. Maisha yao hayakufanana, lakini kazi waliyoifanya ilifanana. Kila mmoja katika mazingira yake alipokea chombo kipya, akakifanya kiseme lugha ya watu wake. Christian alilipigisha gitaa misemo ya wapuliza saksafoni. Konde, aliyetokea kwenye klarineti, alilipigisha misemo ya mwimbaji wa Kiswahili.

Hapo ndipo penye ufundi wake. Anayezisikiliza rekodi zake kwa mara ya kwanza hushangaa kwa utulivu wake. Mtu aliyepata ala yenye uwezo wa kupiga kelele kuliko zote angetarajiwa kuitumia kupiga kelele. Konde hakufanya hivyo. Sauti ya gitaa lake ni laini, yenye uduara, na hukaa kando ya waimbaji wawili wanaoimba kwa sauti zilizopangwa. Mwimbaji anaponyamaza, gitaa hujibu. Mwimbaji anaporejea, gitaa hurudi nyuma. Chini yake mdundo wa rumba huenda taratibu, mwendo ambao mtu wa Pwani angeuita mwendo wa jioni.

Kisha kuna maneno. Konde aliimba kwa Kiswahili cha Pwani kilicho wazi, bila ya mafumbo mazito ya taarabu na bila ya lugha mbovu ya kambini. Aliimba mapenzi na aliimba mji. Majengo Siendi Tena ni wimbo wa mji hata kwa jina lake pekee, kwa kuwa Mombasa, Nairobi na miji mingine ya Afrika Mashariki ina mtaa uitwao Majengo, na kila mtaa wa jina hilo una sifa zake za starehe na majuto. Msikilizaji wa Changamwe na wa Pumwani wote waliweza kuuita wao.

Jazi kwa maana yetu

Msomaji wa leo huenda akauliza iwapo muziki huu ni jazi. Jibu linategemea maana ya neno lenyewe. Katika Afrika Mashariki, neno jazi halikumaanisha mtindo wa New Orleans au New York. Lilimaanisha bendi ya kisasa yenye ala za kigeni, inayopiga dansi katika ukumbi. Bendi ya Dar es Salaam Jazz iliundwa mwaka 1932, Morogoro Jazz ikafuata mwaka 1944, na baada yake zikaja nyingi nyinginezo zilizobeba jina hilo hilo. Nyingi kati yake zilipiga rumba kuliko kitu kingine chochote.

Hata hivyo, katika vidole vya Konde palikuwamo na kitu cha jazi kwa maana ya Marekani pia. Namna yake ya kupanga sauti za gitaa kwa makundi yenye ladha tofauti, badala ya kung'ang'ania zile tatu za kawaida, inaonyesha mtu aliyesikiliza sana muziki wa dansi wa Kizungu na wa Kimarekani wa miaka ya 1930 na 1940. Aliuchukua ujuzi huo akauficha ndani ya nyimbo rahisi, kiasi kwamba msikilizaji hauoni. Anahisi tu kwamba wimbo una kina.

Katika hilo hakuwa peke yake. Paul Mwachupa na Lukas Tututu, nao wa Pwani, waliimba kwa mtindo uliokaribiana na wake. Kwa pamoja walijenga kile kinachoweza kuitwa shule ya Pwani ya muziki wa gitaa: sauti mbili laini, mdundo wa Kilatini, Kiswahili fasaha. Konde alitofautiana nao kwa ule waya uliotoka kwenye gitaa lake kwenda kwenye amplifaya.

Kabla ya mawimbi ya Kongo

Kuna dhana iliyozoeleka nchini kwamba muziki wa gitaa uliletwa Kenya na Wakongo. Dhana hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ukweli wenyewe ni nusu. Jean Bosco Mwenda wa Katanga alirekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville mwaka 1952, na ufundi wake wa kuchomoa nyuzi kwa vidole viwili uliwavutia mno vijana wa Kenya. Mwaka 1959 Colmore alimleta Nairobi, ambako alipiga muziki wa kutangaza dawa ya Aspro. Edouard Massengo, pia wa Kongo, alifuata njia hiyo hiyo. Huko Léopoldville, gitaa la umeme lilipata msukumo mkubwa baada ya Mbelgiji Bill Alexandre kufika mwaka 1953 na kufanya kazi katika studio. Bendi ya OK Jazz iliyoleta jina la Franco iliundwa mwaka 1956.

Ukizitazama tarehe hizo, utaona kwamba rekodi za Konde zinaanza mwaka 1947, miaka mitano kabla ya Mwenda kurekodiwa, na kwamba kipindi chake cha kwanza cha kung'ara kilikuwa kimekwisha kujengeka kabla ya OK Jazz kuzaliwa. Kenya ilikuwa na mpiga gitaa wake, mwenye mtindo wake, kabla ya wimbi la Kongo kufika. Wimbi lilipokuja lilikuta nyumba yenye mwenyewe.

Jambo hili si la majivuno ya bure. Linabadilisha jinsi tunavyoeleza chimbuko la muziki wetu. Wapiga gitaa wa magharibi ya nchi walipojenga benga, na wale wa Nairobi walipojenga twist ya Kiafrika katika miaka ya 1960, walikuwa na mifano ya Kongo na ya Afrika Kusini mbele yao. Lakini walikuwa pia na mfano wa Mkenya aliyethibitisha kwamba santuri ya Kiswahili yenye gitaa la umeme inaweza kununuliwa na kupendwa.

Kimya cha miaka mingi

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati Kenya inakaribia uhuru, Konde aliachana na jukwaa. Kizazi kipya kilikuwa kimeingia. Fadhili William, Daudi Kabaka na wenzao walikuwa wakirekodi katika studio za Equator jijini Nairobi, na mwendo wa muziki uliongezeka kasi. Ule utulivu wa Konde ulianza kusikika kama jambo la jana.

Lakini mitindo kubadilika hakutoshi kueleza kwa nini waanzilishi wengi walitoweka wakiwa bado na nguvu. Sababu kubwa ilikuwa malipo. Ilikuwa kawaida kwa mwanamuziki wa miaka hiyo kulipwa fedha za mkupuo baada ya kurekodi, akatia saini, akaenda zake. Santuri ikiuza nakala mia au nakala elfu kumi, mfuko wake haukuona tofauti. Redio ilipoupiga wimbo wake kila siku, alifurahi kuusikia, basi.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Malaika, wimbo ambao Fadhili William aliurekodi na kundi lake la Jambo Boys mwanzoni mwa miaka ya 1960. Harry Belafonte na Miriam Makeba waliuimba katika albamu yao ya mwaka 1965, na kundi la Boney M likaurekodi mwaka 1981. Wimbo ulizunguka dunia nzima, huku nyumbani watu wakizozana kuhusu nani hasa aliyeutunga. Mzozo huo ulikuwa haujaisha wakati Fadhili alipofariki Februari 2001, miezi michache tu baada ya Konde. Watu wawili waliotoa baadhi ya nyimbo zinazojulikana zaidi nchini waliondoka karibu kwa pamoja, na maswali yao yakabaki.

Sheria nayo ina mgawanyo ambao wengi hawaufahamu. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, haki ya utunzi wa wimbo hudumu katika maisha ya mtunzi na kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Haki ya rekodi yenyewe, yaani ile sauti iliyonaswa, hudumu kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Kwa hesabu hiyo, rekodi za Konde za kati ya mwaka 1947 na 1956 zilikwisha kutoka katika ulinzi kufikia mwisho wa mwaka 2006. Nyimbo alizozitunga, hata hivyo, zinalindwa hadi mwisho wa mwaka 2050. Anayedhani kwamba wimbo wa zilizopendwa ni mali isiyo na mwenyewe, na kwamba aweza kuuimba upya na kuuza bila ya kumtafuta mwenye haki, anakosea.

Warithi

Njia aliyoipasua Konde haikuota nyasi. Mwaka 1971 ndugu Wilson na George Peter Kinyonga, waliotokea Tanga, waliunda bendi ya Simba Wanyika jijini Mombasa kabla ya kuhamia Nairobi. Magitaa yao yalipishana kwa namna iliyotoka Tanganyika na Kongo, lakini masikio yaliyowapokea Mombasa yalikuwa yamekwisha kuandaliwa kulipenda gitaa la umeme lenye Kiswahili cha utulivu.

Karibu zaidi na Konde kwa damu na kwa ardhi walikuwa Them Mushrooms, kundi la ndugu wa ukoo wa Harrison, Wamijikenda kama yeye. Waliuza muziki wao katika hoteli za kitalii za ufuo, na mwaka 1982 walitoa Jambo Bwana, wimbo uliowatambulisha kwa watalii wa dunia nzima. Mushrooms hawakusahau walikotoka. Walipokuwa wamekwisha kujijengea jina walimtafuta Mzee Konde wakashirikiana naye katika kurekodi, kama walivyofanya pia na mwimbaji wa taarabu Malika. Kwa vijana wengi, hiyo ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza kulisikia jina la mtu ambaye nyimbo zake walizijua tangu utotoni.

Mwaka 1994 lebo ya RetroAfric ya Uingereza ilizikusanya rekodi zake za miaka ya 1947 hadi 1956 na kuzitoa katika diski moja. Wapenzi wa muziki wa Afrika huko Ulaya wakagundua kwamba Kenya ilikuwa na gwiji wa gitaa ambaye hawakuwahi kumsikia. Konde alikuwa na umri wa miaka 70. Heshima ilikuja, lakini ilikuja kwa ndege kutoka ng'ambo, na ilikuja jioni.

Laiti si watu wachache waliokuwa na santuri hizo kuukuu na kuzitunza, huenda leo pasingekuwa na ushahidi wowote wa alivyopiga. Santuri za mizunguko 78 huvunjika kama sahani ya udongo. Zilizobaki katika nyumba za Pwani, chini ya vitanda na juu ya makabati, huliwa na joto na unyevu mwaka hadi mwaka. Kila moja inayovunjika huondoka na sauti ya mtu aliyekuwa wa kwanza katika jambo fulani, na mara nyingi hakuna nakala nyingine.

Hilo ndilo linaloyafanya maisha ya Konde kuwa zaidi ya kumbukumbu za wazee. Leo, kijana wa Kisauni au Likoni hurekodi wimbo chumbani kwa kutumia kompyuta, akautia katika intaneti kabla ya jua kutua. Ana vifaa ambavyo Konde hakuviota. Hata hivyo, swali linalomngoja ni lile lile lililomngoja kijana wa Mwabayanyundo mwaka 1947: ni nani aliyetia saini, kwa malipo gani, na kwa muda gani? Asiyelijibu kabla ya wimbo kuvuma hulijibu baadaye kwa majuto.

Fundi Konde aliitwa Fundi, na jina lilimfaa. Fundi wa kweli hutambuliwa kwa kazi inayodumu baada ya yeye mwenyewe kuondoka. Gitaa la umeme sasa ni ala ya kawaida katika kila bendi ya Pwani, kiasi kwamba hakuna anayejiuliza lilianza vipi kuongea Kiswahili. Lilianza katika vidole vya Mgiriama mmoja mpole, aliyepewa chombo cha kupigia kelele akaamua kukitumia kunong'onea.